Labridi watatu kwenye tangi la futi tatu

Samaki wa kwanza kumtia kwenye tangi langu la maji ya bahari nilimchagua kama watu wanavyochagua khanga: kwa rangi. Alikuwa na urefu wa kidole cha mwisho, rangi ya chungwa lililoiva, na mgongoni ana mabaka meupe yaliyozungushiwa wino mweusi. Nilimkuta kwenye kidimbwi cha mwambani maji yamekupwa, hapa Shangani, Mtwara. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuta pweza alichungulia kwenye ndoo yangu, akacheka.

"Njomba, huyo anakua huyo. Nyumba utamjengea wewe?"

Nikamjibu, "Shikamoo mzee," nikaondoka na ndoo yangu.

Samaki yule anaitwa Coris cuvieri, ni wa ukoo wa Labridae, ambao mimi nawaita labridi. Rangi ile ni nguo ya utotoni tu. Akikua anaivua, anakuwa wa kijani na kahawia, na anaweza kufika sentimita 38. Tangi langu ni futi tatu kwa futi moja na nusu, lita 190 hivi, na ukitoa mawe na mchanga yanabaki maji ya kama lita 150. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anapindua mawe kutafuta chakula, amewamaliza konokono wangu wote, na kila asubuhi nakuta tumbawe limelala kifudifudi. Nilimrudisha palepale nilipomtoa. Wakati ule niliweza, kwa kuwa kila kilichokuwa ndani ya tangi kilitoka mwamba uleule. Ukishachanganya na samaki wa kununua, usirudishe kitu baharini. Hujui umebeba maradhi gani.

Ukoo huu wa labridi ni ndugu wa karibu wa pono, na una aina zaidi ya 500. Yumo humo hata yule anayevuka mita mbili, Cheilinus undulatus. Kwa hiyo anayekuambia "labridi wanafaa tangi dogo" hajakuambia kitu. Mimi sasa nauliza swali la yule mzee kwa namna yangu: huyu atalala wapi?

Labridi ni samaki wa mchana. Giza likiingia, kila mmoja ana pake. Halichoeres, Coris na Macropharyngodon wanajifukia mchangani. Cirrhilabrus na Pseudocheilinus wanaingia kwenye upenyo wa mawe na wengi wao wanajitengenezea chandarua cha ute, wanalala ndani yake kama sisi tunavyokwepa mbu. Ukitia wawili wanaogombea chumba kimoja, ugomvi utauona kuanzia jioni.

Nilipanga hivi, na ndivyo walivyo mpaka leo. Wa kwanza kuingia alikuwa Wetmorella nigropinnata, mdogo, hazidi sentimita 8, mpole na mwoga kupita kiasi. Anaishi mapangoni, kwa hiyo nilimjengea mapango kwanza. Wiki mbili baadaye nikamtia Halichoeres iridis, wa mchangani. Mchanga uwe laini na kina kisipungue sentimita 5. Chenga za matumbawe zenye ncha zitamchubua. Wa mwisho ni Cirrhilabrus exquisitus, anayekaa juu, kwenye maji ya wazi. Mmoja pangoni, mmoja mchangani, mmoja juu. Wapangaji watatu, milango mitatu. Sikuongeza wa nne.

Usitie madume wawili wa aina moja. Na usijione mjanja kwa kununua majike wawili, kwani wengi wa ukoo huu huanza maisha wakiwa majike, na jike mkubwa anaweza kugeuka dume. Mmoja wa kila aina anatosha kwenye futi tatu.

Sasa yule wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia. Kila mtu anampenda: ni mdogo, mgumu, anakula minyoo inayosumbua matumbawe. Niliwahi kuwa naye. Nilifanya kosa la kumtanguliza, akajiona mwenye nyumba, na mgeni aliyemfuata alikimbizwa mpaka mapezi yakabaki nyuzi. Akafa siku ya nne. Ukimtaka lazima, aingie wa mwisho, na akute kila mtu ameshazoea. Mimi simrudii kwenye tangi la ukubwa huu. Wala Labroides dimidiatus, yule anayewasafisha wenzake. Anategemea vimelea vya samaki wengi, na kwenye tangi dogo mara nyingi anakonda hadi kufa.

Mgeni yeyote namkalisha siku tatu au nne kwenye chombo cha plastiki chenye matundu, humohumo tangini. Wenyeji wanamwona, wanamzunguka, wanachoka. Taa nazima mapema siku ya kumtoa.

Mfuniko ni lazima. Exquisitus wangu wa kwanza niliyemnunua Dar nilimkuta sakafuni alfajiri, mkavu kama dagaa, na hela yangu imekauka naye. Funika kwa wavu wa matundu madogo, si kioo, maana joto letu linahitaji kutoka. Mimi nina feni inayopuliza juu ya maji. Inashusha joto lakini maji yanapungua, na unajazia maji baridi yasiyo na chumvi, si ya bahari.

Maji ya bahari nachota yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito, na miezi ya mvua sichoti kabla ya kupima chumvi. Chakula ni uduvi uliokatwakatwa, kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Kuhusu kukamata mwenyewe, muone afisa uvuvi kwanza, na eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, liache kabisa.

Na kama Halichoeres wako akizama mchangani siku ya kwanza asionekane, usichimbe. Mimi nilisubiri siku tatu, nikaamini amekufa, nikaingiza mkono kumtafuta. Nilimtoa mzima, kwa hofu akajigonga kwenye jiwe, akazama tena. Alitoka mwenyewe siku ya saba, saa tatu asubuhi, akaanza kuokota uduvi kama hakuna kilichotokea.