Alama za balansi zikishuka kidogo, tulia kwanza

Kama unamuuguza mzazi anayepimwa balansi, yani uwezo wa kusimama na kutembea bila kuyumba, mara kwa mara, najua ile karatasi ya alama mnavyoisubiri. Mimi namuuguza baba tangu apate kiharusi, fizio wake (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) anatumia kipimo cha Berg, kile chenye vipengele 14, kila kimoja 0 mpaka 4, jumla 56. Safari hii katoka na 44, safari ijayo 42, basi nyumba nzima inanyongea. Jamani, alama 2 pale mara nyingi hazisemi kitu.

Kipimo chenyewe kinayumba, yani mtu yuleyule ukimpima leo na kesho, mwili haujabadilika popote, alama bado zinaweza kupishana. Kuna utafiti wa wazee ulitoka 2009, ulionyesha aliyeanza na 45 kwenda juu asogee alama 4 hivi ndio useme amebadilika kweli, wa 35 hadi 44 alama 5, wa 25 hadi 34 alama 7 kabisa. Mgonjwa wa aina nyingine anaweza kuwa na kiwango tofauti, hapo muulize fizio wako, ni swali zuri sana na wachache wanaliuliza.

Halafu angalieni alipimwaje. Baba akipimwa asubuhi kapumzika, na akipimwa jioni kachoka, dawa ya presha imemlegeza, kavaa ndala badala ya viatu, hao ni kama watu wawili. Na kipimo kingine, kile cha kuhesabu sekunde za kuinuka kwenye kiti, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa, ndio usiseme, kiti kikiwa kifupi au hakina mikono sekunde zinaongezeka zenyewe (na pale sekunde zikipungua ndio nafuu, kuna watu wanasoma kinyume). Mara ya pili pia mtu huwa anafanya vizuri kwa sababu tu keshajua anachotakiwa kufanya. Ndio maana mimi naandika pembeni ya alama: saa ngapi, viatu gani, kalala vipi, nani kapima, dawa gani mpya.

Na jumla peke yake inaficha mambo. Anaweza kupanda alama 1 kwenye kusimama bila kushika na akashuka 1 kwenye kusimama mguu mmoja, jumla ileile, lakini mazoezi anayohitaji yamebadilika, kwa hiyo omba uonyeshwe kipengele kwa kipengele. Wa 54 au 55 naye karibu hana pa kupanda tena, huyo aombewe kipimo kigumu zaidi.

Zikishuka mara tatu mfululizo kwa mazingira yaleyale, hapo ongea na daktari hata kama kila mshuko ni mdogo. Akianza kuanguka nyumbani nenda, alama ziwe nzuri vipi. Na balansi ikipotea ghafla, mdomo umepinda au mkono umelegea, usisubiri kipimo chochote, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.