Maswali na Majibu: Spidiwei na mbio za barafuni ni mchezo mmoja?

Swali: Nimesoma kwamba Per-Olof Serenius wa Uswidi alishindana katika spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa changarawe, na katika mbio za pikipiki za barafuni, na kwamba alitwaa ubingwa wa dunia wa barafuni akiwa amevuka umri wa miaka 50. Ikiwa pikipiki zote mbili hazina breki na huzunguka kwa kukata kona za kushoto tu, tofauti iko wapi? Na kwa umri ule aliwezaje?

Jibu: Ndugu msomaji, uliyosoma ni ya kweli. Serenius alizaliwa mwaka 1948 na alikuwa bingwa wa dunia wa barafuni mwaka 1995, kisha tena mwaka 2002. Michezo hii miwili inafanana sana ukiitazama injini: zote ni za silinda moja, zenye ujazo wa sentimita 500 za ujazo na zinazotumia mafuta ya methanoli, na katika kila mbio waendeshaji wanne huzunguka uwanja mara nne. Kufanana huko kunaishia pale kona inapoanza.

Katika spidiwei uwanja ni wa changarawe laini, na mwendeshaji huvuta mafuta kwa makusudi ili tairi la nyuma lipoteze mshiko na kuteleza kuelekea nje, huku yeye akigeuza usukani upande wa kulia na kuburuza mguu wa kushoto uliovishwa kiatu cha chuma. Kuteleza huko ndiko kunakoigeuza pikipiki na kuipunguza kasi, na ndiyo sababu breki hazihitajiki.

Barafuni mambo ni kinyume kabisa. Matairi yamepigiliwa misumari ya chuma yenye urefu wa karibu milimita 28, iliyopangwa zaidi katikati na upande wa kushoto, nayo huzama katika barafu na kushika kwa nguvu ambayo changarawe haiwezi kuitoa. Mwendeshaji huilaza pikipiki hadi ncha ya usukani ikaribie kugusa barafu, na goti lake la kushoto, lililokingwa kwa kipande kizito ambacho mara nyingi hukatwa kutoka tairi kuukuu, huteleza juu ya barafu na kumsaidia kupima mlalo. Kwa kuwa gurudumu la nyuma halitelezi, nguvu ya injini hutafuta njia nyingine na kulinyanyua gurudumu la mbele. Kwa hiyo fremu hufanywa ndefu zaidi, gia huwa mbili badala ya moja, na mwendeshaji hulazimika kuinamia mbele anapotoka kwenye kona. Aliyezoea kuteleza akifika hapa hana budi kuiacha ile silika iliyomlisha miaka yote, na kwa maoni yangu hilo ni gumu kuliko kujifunza mchezo mpya.

Kuhusu umri, nadhani jibu limo katika barafu yenyewe. Misumari huichimba mbio baada ya mbio, mifereji hufunguka ndani ya kona, na njia iliyokuwa ya kasi mwanzoni mwa jioni huweza kumrusha mtu mwishoni. Nguvu za mikono zinahitajika, lakini anayejua ni lini ahamie nje ya mifereji hiyo, na gurudumu la mbele liwekwe wapi, humpita kijana anayeng'ang'ania njia ileile.

Mwenzake wa Uswidi, Erik Stenlund, alikuwa bingwa wa barafuni mwaka 1984 na 1988, akiwa bado katika miaka yake ya ishirini. Kwa hiyo ujana si kikwazo. Kinachotakiwa ni saa nyingi juu ya misumari, na Serenius alikuwa nazo kwa wingi.