Gari imetangazwa 2016, kikokotoo cha ushuru cha TRA Tanzania kinasoma 2015: nimepigwa?

Mkuu, usikimbilie kusema umepigwa. Gari moja inaweza kuwa na miaka mitatu: wa kutengenezwa, wa usajili wa kwanza na wa modeli. Muuzaji hutangaza ule unaoifanya ionekane mpya zaidi.

Gari ikitoka kiwandani Japani Novemba 2015, ikasajiliwa Februari 2016, muuzaji ataiita 2016 na cheti kitamuunga mkono. Cheti cha Kijapani huandika usajili wa kwanza kwa kalenda yao: mwaka wa enzi ya Heisei ongeza 1988, wa enzi ya Reiwa ongeza 2018. Heisei 28 ni 2016. Lakini TRA wanahesabu umri tangu kutengenezwa, na gari ikifika miaka 8 inaanza kubeba ushuru wa uchakavu. Hiyo miezi mitatu inaweza kukutoa pesa ndefu. Kenya ni tofauti, ukomo wao wa miaka 8 kwa gari zinazoingizwa unaangalia usajili wa kwanza.

Chesisi namba ya Kijapani, mfano zile zinazoanza na NZE141, haina herufi ya mwaka. Iingize nzima kwenye katalogi ya spea mtandaoni, itakupa mwezi wa kutengenezwa.

Mwaka wa modeli ni mambo ya Marekani. Kule modeli ya 2024 iliruhusiwa kuanza kutengenezwa tangu 2 Januari 2023. Hata Ford Mustang za kwanza, zilizoingia sokoni Aprili 1964, kiwandani ziliandikwa modeli ya 1965. Kwenye chesisi namba yao yenye nafasi 17, nafasi ya kumi ndiyo mwaka wa modeli: G 2016, H 2017, J 2018. Herufi I imerukwa, na O, Q, U na Z pia hazitumiki hapo. Mwezi halisi wa kutengenezwa uko kwenye lebo ya nguzo ya mlango wa dereva. Gari za soko la Ulaya usizisome hivyo, nafasi hiyo mara nyingi haina maana ya mwaka.

Kisha vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, chini kabisa kuna lebo yenye tarehe. Mkanda hutengenezwa kabla ya gari, kwa hiyo kutangulia miezi michache ni kawaida. Ukisoma 2017 kwenye gari ya 2015, mkanda umebadilishwa. Hapo uliza habari za ajali, ukague na mikanda mingine yote kabla ya kutuma hata senti.