Honaz ya biashara Marekani, na ile nusu ya ada
Dogo hongera kwanza, kupata nafasi ya honaz (programu ya wanafunzi wakali) ya biashara chuo cha Marekani ukitokea Area C hapa Dodoma sio mchezo. Ila usichanganye na honaz ya huku, huku ni daraja unapewa mwishoni ukimaliza na GPA (wastani wa alama) kali, kule ni kikundi unaingia mara nyingi toka mwaka wa kwanza, madarasa madogo, profesa anakujua jina, na GPA ikishuka wanakutoa. Hapo pa kutolewa pasome vizuri kwenye barua maana kuna skolashipu zinaondoka pamoja na hiyo honaz.

Mi nilisoma bikomu, digrii ya biashara, hapahapa Dom, ukumbi mmoja watu mia tatu na ushee, unawahi alfajiri kuweka daftari kwenye kiti cha mbele, mhadhiri nimekuja kuongea naye mwaka wa tatu akinisainia fomu ya fildi. Kwa hiyo darasa la watu ishirini nalithamini kweli.

Sasa umesema chuo kinalipa nusu ya ada. Nusu ingine nani?? Viza ya F-1, ile ya wanafunzi, mwaka wa kwanza ni kazi za ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, hiyo hela ya kula sio ya ada, na mzee asije akauza shamba la zabibu Hombolo kisa neno honaz. Waandikie waongeze, watu wanaonaga aibu kuomba. Wakigoma, mi ningeenda zangu UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), nikimaliza naunga CPA, ule uhasibu wa NBAA, bodi ya wahasibu.