Jibu: Anzeni na ardhi kabla ya bembea

Ndugu, umeuliza kama bembea moja ya kiti cha magurudumu inatosha kuufanya uwanja wa michezo wa mtaa wenu uwafae watoto wenye ulemavu. Haitoshi, kwa sababu magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani kabla mtoto hajaifikia hiyo bembea. Tengenezeni kwanza njia ya zege yenye upana wa mita 1.5, na mteremko wake usizidi sentimita 1 ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu. Mkiiandikia halmashauri, tajeni ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, kwani inataja waziwazi haki ya watoto hao kucheza. Bembea yenyewe msiifunge kufuli. Nimewahi kuona mahali ambapo ufunguo ulikaa nyumbani kwa mlinzi.