Mwambie apumzike wiki mbili, utamjua

Mliuliza wiki hii: "Je, mtu anaweza kuwa mraibu wa mazoezi? Na kama anaweza, walio karibu naye watajuaje?" Kwa swali la kwanza nasema ndiyo, anaweza, ingawa walio hivyo ni wachache kuliko mtu atakavyodhani akipita Coco Beach Jumamosi alfajiri. La pili ndilo lililonikalisha chini kuandika, maana walio karibu naye mara nyingi ndio wanaompigia makofi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam. Wagonjwa wangu wengi ni watu waliopata kiharusi, wazee wenye magoti mabovu na vijana walioanguka na bodaboda. Ila tangu kilabu za jogingi zianze kuchipuka kila mtaa, na kila mkoa utake kuwa na marathoni yake, ameongezeka mgonjwa wa namna nyingine. Ni mtu mzima, ana kazi yake nzuri, anaingia akichechemea, na mazungumzo yetu huwa karibu yaleyale:

"Kaka, huu mguu unataka wiki sita bila kukimbia."

"Sawa dada. Nikikimbia taratibu tu?"

"Bila kukimbia."

"Hata kwenye mashine?"

"Hata kwenye mashine."

"Basi Jumapili hii tu. Nimeshalipia, na fulana nimeshachukua."

Anayesema hivyo si lazima awe mraibu. Wengi hubembeleza, hununa kidogo, kisha huenda wakapumzika na yakaisha. Ninayemtazama kwa makini ni yule anayeitikia kila kitu, anashukuru kwa adabu zote, halafu wiki inayofuata anarudi mguu umevimba zaidi na viatu vina mchanga mbichi. Nikimpigia simu mkewe, naye anashangaa: mume si amepumzika?

Jambo hili lilianza kuandikwa zamani kidogo, na lilianza kwa bahati tu. Mwaka 1970 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Frederick Baekeland, alichapisha utafiti kuhusu usingizi. Alitaka kujua watu waliozoea mazoezi watalalaje wakiacha kwa mwezi mmoja. Alipowaendea wanaofanya mazoezi siku tano au sita kwa wiki, walimkatalia, hata alipowaahidi pesa. Ikabidi achukue wale wa siku tatu au nne, na hao nao walipoacha wakalalamika usingizi mbovu na wasiwasi. Takwimu zake za usingizi sizijali sana. Kwangu mimi jibu la utafiti ule liko kwa wale waliokataa kuingia.

Miaka tisa baadaye Mmarekani mwingine, William Morgan, akaandika bila kuficha juu ya wakimbiaji wanaoendelea kukimbia ilhali daktari amewakataza, kazini wanaharibu na nyumbani hapakaliki. Enzi hizo Wamarekani walikuwa wameshikwa na homa ya kukimbia, na wapo waliokuwa wakisema kwamba huo ni uraibu mwema, tena afadhali kila mtu aupate. Hata leo nasikia maneno hayo: "Bora huyo kuliko mlevi." Ndiyo, bora. Lakini mlevi akianguka mtaroni watu wanajua kuna tatizo. Huyu wetu akianguka na mfupa uliopasuka, kundi la WhatsApp linamtumia misuli na moto, linamwita "mnyama".

Ndiyo maana swali la "anafanya saa ngapi kwa siku" halinisaidii. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayejiandaa kukimbia kilomita 42 kule Moshi atazidisha hizo bila shida yoyote, na baada ya siku ya mbio atakaa wiki nzima akila nyama choma bila dhamiri kumsuta. Mbeba mizigo wa Kariakoo naye anautumikisha mwili kuliko bingwa yeyote wa jimu, na siku akipata kulala anamshukuru Mungu. Kipimo changu ni kingine: mpe wiki mbili za kupumzika, zenye sababu ya wazi kama jeraha, homa au mtoto aliyezaliwa, kisha uone zinamfanya nini.

Wataalamu wana dodoso lao. Lilitungwa na watafiti watatu wa Nottingham, Uingereza, likachapishwa 2004. Lina sentensi sita tu, kila moja unaipa alama 1 hadi 5, na anayefikisha 24 kati ya 30 anahesabiwa kuwa hatarini. Zinagusa kama mazoezi ndiyo jambo kubwa kuliko yote maishani mwako, kama yameshaleta ugomvi na mwenzi wako au ndugu, kama unayatumia kubadilisha hali ya moyo, kama kiasi kinazidi kupanda kadiri siku zinavyokwenda, kama ukiikosa siku moja unakuwa mkali, na kama ukishapunguza unajikuta umerudi palepale. Ni dodoso zuri kwa ufupi wake. Ila ile ya ugomvi nyumbani mimi sikubali ajibu mhusika mwenyewe. Namuuliza mwenzi wake, na alama hupanda hapohapo.

Sasa nije upande wa pili, kwa sababu najua wapo watakaoniambia nawatisha watu. Ni kweli kwamba mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliotoka 2013 uliiingiza kamari katika uraibu na mazoezi ukayaacha nje. Orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 nayo imeongeza michezo ya kompyuta, si mazoezi. Na ukiwapima watu wa kawaida, walio hatarini wanatoka wachache mno. Utafiti wa Hungaria uliochapishwa 2012 ulipata chini ya asilimia 1. Nchi yetu ina watu wengi zaidi wanaoumia kwa kukaa kuliko kwa kukimbia, na sukari na presha ninazoziona kila siku hazikuletwa na raba. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wasimwite kila anayeamka mapema "teja wa tizi". Mji huu tumeuona uteja wenyewe. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilifunguliwa 2011 kwa sababu heroini ilikuwa inatumalizia vijana, na mama aliyeuziwa sufuria na mwanawe hatacheka utani huo.

Hata hivyo uchache wao haumpunguzii maumivu aliyenayo mmoja wao, na hapa niruhusuni niseme kidogo juu ya mfupa, kwa kuwa ndio unaoniletea wengi.

Watu wanadhani mfupa ni kitu kigumu kilichokaa tu. Mfupa ni hai, na kila unapoupiga barabarani unapata nyufa ndogo ndogo zisizoonekana. Mwili unaziziba, lakini kama fundi anayekarabati ukuta, huanza kwa kubomoa: seli za kazi hiyo hula kwanza sehemu iliyochakaa, kisha nyingine zinaanza kujenga upya. Kubomoa huchukua majuma kadhaa, kujenga huchukua miezi. Katika kipindi hicho cha katikati mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Anayepumzika anaupa nafasi ujenzi umalizike. Asiyepumzika anapiga palepale palipobomolewa, kila siku, mpaka ufa mdogo unakuwa mkubwa, mara nyingi kwenye muundi au mifupa ya unyayo. Kibaya zaidi, eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi huonyesha mfupa mzima. Mgonjwa wa namna ninayoisema huishika picha ile kama cheti cha ruhusa.

Kwa wanawake kuna njia nyingine ya kufika hapohapo. Dada anafanya mazoezi mawili kwa siku huku anakula saladi, hedhi inakata, na badala ya kushtuka anafurahi kwamba usumbufu umeisha. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoifanya hupunguza homoni ya estrojeni, na estrojeni ikipungua mifupa nayo inakonda. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliandika mwongozo kuhusu hali hiyo 2014, ikasisitiza kwamba wanaume nao inawapata. Mara nyingi kwa watu hawa mazoezi ni mlango tu; ugonjwa wenyewe uko kwenye chakula, na ukitibu mguu peke yake umefanya kazi bure.

Kwa vijana wa vyuma ni kinyume chake. Kifua kimejaa, mikono kama baunsa, na bado akijitazama kwenye kioo anajiona mwembamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kuliandika hilo miaka ya tisini. Wengine wanafika kwenye sindano, lakini hilo ni swali la wiki nyingine. Nitasema moja tu: ukitoka jimu, siku hiyo au kesho yake, ukakojoa mkojo wa rangi ya kola, usinywe maji ukalala. Misuli inavunjika na takataka zake zinakwenda kwenye figo. Nenda hospitali usiku huohuo.

Na arosto je, ipo? Ipo. Anakosa usingizi, anafoka, anasema kichwa kizito, anaona siku imeharibika. Wengi huniambia ni "endofini", kemikali ya raha ambayo mwili hujitengenezea. Mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa Hamburg waliwapa wakimbiaji naltreksoni, dawa inayofunga milango ambayo endofini na heroini hupitia, na bado wakatoka mbioni wakiwa na raha yao ileile. Inaonekana kuna kemikali nyingine za mwili zinazofanya kazi hiyo. Kwangu mimi hata kemikali si neno kubwa. Neno kubwa ni kile mtu anachokikimbia. Nimekutana na waliofiwa, walioachika, waliopunguzwa kazini, na karibu wote walianza kuzidisha mwezi uleule.

Wapo watakaonitajia Wakenya: mbona wanakimbia asubuhi na jioni? Nendeni Iten, mji wao wa wakimbiaji, mkaone wanavyolala. Mchana baada ya chakula mkimbiaji wa kulipwa yuko kitandani, siku zake nyepesi ni nyepesi kwelikweli hata wewe ungeweza kwenda naye, na baada ya marathoni kubwa hukaa majuma bila mazoezi mazito. Kupumzika ni sehemu ya kazi yake. Kelvin Kiptum, Mkenya, alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago kwa saa 2:00:35 Oktoba 2023, kocha wake Gervais Hakizimana alieleza hadharani kwamba kijana anakimbia hadi kilomita 300 kwa wiki, na kwamba yeye mwenyewe alimwonya apunguze, la sivyo miaka mitano tu angekuwa amekwisha. Ajali ya gari iliwachukua wote wawili Februari iliyofuata, Mungu awalaze pema. Lakini ona: mwenye rekodi ya dunia alikuwa na mtu wa kumwambia punguza. Mhasibu wetu wa Posta ana saa ya mkononi inayomwambia ongeza.

Nirudi kwa ndugu, maana ndio mliowaulizia. Msihesabu kilomita. Tazameni siku ambazo maisha yanamtaka aache. Ramadhani ni kipimo kizuri: wapo wanaosogeza mazoezi baada ya futari, wakapunguza, wakaendelea na ibada yao, na yupo mmoja anayekimbia saa tisa alasiri na midomo imekauka kwa sababu ratiba ni ratiba. Jumapili za kanisani ni vivyo hivyo, na vikao vya harusi. Mama mmoja alinisimulia kwamba walikuwa wamelala msibani, wamefiwa na baba mkwe, na mumewe akatoroka saa kumi alfajiri akiwa na raba kwenye mfuko wa rambo. Alirudi kabla ya uji wa waombolezaji, jasho halijakauka. Wazee waliona na hawakusema kitu. Yule mama hakulalamikia mazoezi. Alilalamika kwamba mwanamume alitoroka msiba wa baba yake mzazi na hakuona kwamba ametoroka.

Kumwambia mtu wa namna hiyo "acha" ni kupoteza pumzi. Kumbadilishia mchezo kunasaidia kwa muda, ila nimewaona waliopelekwa kuogelea kwa sababu ya mguu wakaumia bega. Panapohitajika namwelekeza kwa mwanasaikolojia, na hapo ndipo wengine hunikasirikia: wao wana mguu, hawana wazimu. Siku hizi nikimwandikia mtu mapumziko namwomba miadi inayofuata aje na mwenzi wake, au dada yake, yeyote anayeishi naye, na aje na ile saa, tuangalie pamoja ilivyoandika. Anayekubali, tunaonana baada ya mwezi. Anayesema mwenzi wake ana shughuli nyingi na saa imeharibika, nampangia Alhamisi ya wiki hiyohiyo.