Alisaini, sawa, lakini ni mimi niliyemshusha chini

Mimi naishi Kampala na kila Desemba nashuka Diani, pwani ya Kenya, na kikundi cha watu kupiga mbizi, wengi wao maji wanayoyajua ni ya bwawa la hoteli tu. Kazi naipenda sana ila nyinyi mnaoanza kupeleka watu nataka tuongee ukweli kuhusu zile fomu za afya wageni wanazosaini kabla ya kuzama.

Kuna mwaka nilikuwa na dada mmoja mchangamfu, fomu ya afya aliijazia kwenye boti huku mawimbi yanaturusha, akaweka hapana hapana mpaka chini na mimi nikapokea tu. Tukiwa mita nane hivi nikaona macho yamemtoka, anapumua mbio mbio, mara akatema regulata, kile kifaa cha kupumulia cha mdomoni, anataka kukimbilia juu. Nikamshika jaketi, nikamrudishia regulata mdomoni, nikamwangalia machoni mpaka akatulia ndio tukapanda pole pole. Angepanda kwa kasi huku amebana pumzi sijui ningeiambia nini familia yake, maana ukiwa mita 10 presha ni mara mbili ya ile ya juu, kwa hiyo ukipanda ile hewa inataka kutanuka mara mbili na mapafu yanaweza kupasuka.

Kwenye boti ndio akaniambia ana pumu tangu utotoni. Mwenye boti alichosema ni, "Si alisaini?" Banange! Ile saini inaonyesha mtu aliambiwa hatari, hainipi mimi ruhusa ya kuwa mzembe, na fomu ya kujaziwa baharini nimeipokea mwenyewe.

Siku hizi fomu natoa huku Kampala wiki mbili kabla, na naongea na kila mtu peke yake, kwa Luganda kama ndio anaisikia vizuri, kwa sababu mbele ya wenzake kila mtu yuko sawa. Akijibu ndiyo kwenye pumu au moyo anaenda kwanza kwa daktari. Na mwambie mapema kwamba daktari akikataa pesa yake inarudi yote, usipomwambia hivyo ataficha tu. Kanuni za PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, zinaruhusu wageni wanne kwa mwalimu mmoja wakiwa wanajaribu mara ya kwanza baharini, mwisho mita 12. Mimi nachukua wawili, mikono yangu ni miwili.

Kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii ni basi. Kila mtu anajua usipande ndege mara tu baada ya kuzamia, unasubiri angalau saa 12 kwa mbizi moja, 18 kama umezama mara kadhaa, lakini basi la kurudi Kampala likishapita Nakuru likafuata njia ya Eldoret linapanda Timboroa, kule ni zaidi ya mita 2,700, presha ya hewa ni ndogo kuliko hata ya ndani ya ndege! Naitrojeni ya hewa ya mtungi iliyobaki mwilini inatoa mapovu presha ikishuka, na haijui kama umekata tiketi ya basi. Kijana mmoja alitaka kuzama asubuhi halafu jioni apande basi, tukabishana sana juu ya hela ya kulala, mwisho nikamlipia nusu.

Sasa kwenye ratiba yangu siku ya mwisho hakuna mitungi, ni ufukweni tu, na tiketi za basi nakata mimi.